Umeambiwa mifupa yako ni dhaifu? Hofu isikuweke kitini

KUNA maradhi yanayojitangaza kwa homa, kikohozi au maumivu, na kuna yale yanayomnyemelea mtu kimyakimya kwa miaka mingi bila kumpa ishara yoyote. Udhaifu wa mifupa, ambao madaktari huuita osteoporosisi, ni wa kundi hili la pili. Aghalabu mtu hugundua kwamba anaugua baada ya kuteleza kidogo tu bafuni na kuvunjika mkono, au anapopigwa picha ya mgongo kwa sababu nyingine kabisa na daktari akaona pingili iliyobonyea.

Ndiyo maana habari hii huwashtua wengi. Mama aliyekuwa akilima shamba lake mwenyewe na kwenda sokoni kwa miguu hutoka kliniki akiwa na karatasi yenye tarakimu asizozielewa na neno geni asiloweza kulitamka. Akifika nyumbani, wanawe humwambia: "Mama, wewe keti tu, usishike jembe wala ndoo tena." Miezi michache baadaye huwa amegeuka mgonjwa wa kuketi, ilhali siku aliyokwenda hospitalini alikwenda akitembea.

Hapo ndipo kosa kubwa zaidi hufanyika. Kinacholemaza na hata kuua katika ugonjwa huu si tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi, bali ni kuvunjika kwa mfupa. Mtu anayeacha kutembea hupoteza nguvu za misuli, hupoteza uthabiti wa miguu, na mifupa yake huzidi kuwa miepesi. Hatari aliyoikimbia ndiyo anayoikaribisha.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mtu aliyepatikana na ugonjwa huu hivi karibuni anapaswa kuyajua na kuyafanya, pamoja na jamaa wanaoishi naye.

Mfupa ni kitu hai

Wengi hudhani kwamba mfupa ni kama jiwe, kwamba ukishakua umekua. La hasha. Mfupa ni kiungo hai kinachobomolewa na kujengwa upya kila siku. Zipo seli ambazo kazi yake ni kumomonyoa mfupa uliochakaa, na nyingine ambazo huziba mianya hiyo kwa mfupa mpya. Ni mfano wa nyumba ya udongo ambayo ukuta wake humomonyolewa na mvua kila msimu, naye mwenye nyumba akaukandika upya.

Utotoni na ujanani, ukandikaji huushinda mmomonyoko, hadi mfupa unapofikia kilele cha uimara wake mtu akiwa na umri wa miaka 25 hadi 30 hivi. Baada ya hapo mambo mawili hayo hukaribia kulingana kwa muda, kisha mmomonyoko huanza kuushinda ujenzi polepole. Katika ugonjwa huu, tofauti hiyo huwa kubwa kiasi kwamba ndani ya mfupa hubaki matundu mapana na kuta nyembamba. Kwa nje mfupa huonekana uleule, lakini hauhimili tena kishindo.

Kwa wanawake, homoni ya estrojeni ndiyo inayozizuia seli zinazobomoa zisipite kiasi. Hedhi inapokoma, homoni hiyo hupungua ghafla, na katika miaka mitano hadi saba inayofuata mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Wanaume hupoteza polepole zaidi, lakini hawajasazwa. Ulimwenguni, inakadiriwa kwamba mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 5 waliozidi umri wa miaka 50 huvunjika mfupa kwa sababu ya udhaifu huu.

Ni muhimu pia kuutenganisha ugonjwa huu na ule wa viungo, yaani baridi yabisi na kusagika kwa magoti, ambao watu wengi huuchanganya nao. Ugonjwa wa viungo huuma na kuvimbisha. Udhaifu wa mifupa hauumi kamwe mpaka mfupa uvunjike. Kwa hivyo mgonjwa asitarajie kwamba dawa za mifupa zitamwondolea maumivu ya magoti, wala asidhani kwamba amepona kwa kuwa hasikii maumivu yoyote.

Kuisoma karatasi ya kipimo

Kipimo kinachotegemewa zaidi huitwa DXA. Mgonjwa hulala juu ya meza kwa dakika chache huku mashine ikipima uzito wa madini katika mifupa ya nyonga na ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Hakuna sindano wala maumivu, na miale inayotumika ni kidogo sana. Matokeo hutolewa kwa alama iitwayo T, ambayo humlinganisha mgonjwa na kijana mwenye afya njema.

Kwa mujibu wa vigezo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka wa 1994, alama ya T ambayo ni -1 au zaidi ni ya kawaida. Ikiwa kati ya -1 na -2.5, mifupa imepungua uzito lakini haijafikia kiwango cha ugonjwa. Ikiwa -2.5 au chini zaidi, huo ndio udhaifu wa mifupa. Tukumbuke kwamba hizi ni tarakimu za kutoa: -3 ni mbaya kuliko -2.5, ingawa kwa jicho lisilozoea huenda ikaonekana kubwa zaidi.

Hata hivyo, alama ya T si hukumu. Watu wawili wenye alama moja wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa. Mama wa miaka 52 ambaye hajawahi kuvunjika mfupa hayuko katika hatari sawa na bibi wa miaka 78 aliyevunjika kifundo cha mkono mwaka jana. Umri, mfupa uliowahi kuvunjika, mzazi aliyevunjika nyonga, wembamba wa mwili, uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe na baadhi ya dawa vyote huingia katika hesabu. Ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Sheffield nchini Uingereza kilizindua mwaka wa 2008 kikokotoo kiitwacho FRAX, ambacho huyajumlisha mambo haya na kukadiria uwezekano wa mtu kuvunjika mfupa katika kipindi cha miaka 10.

Je, asiyeweza kukifikia kipimo cha DXA afanyeje? Mashine hizo ni ghali na aghalabu hupatikana katika hospitali kubwa za mijini. Jambo la kutia moyo ni kwamba mtu mzima aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kutoka kimo chake cha kusimama tu, pasipo ajali ya gari wala kuporomoka kutoka mtini, anaweza kutambuliwa na daktari kuwa na ugonjwa huu na kuanzishiwa matibabu hata bila kipimo hicho. Mfupa mzima haupaswi kuvunjika kwa anguko dogo hivyo.

Maswali ya kumuuliza daktari

Siku ya kwanza, wengi hushtuka wakasahau kuuliza. Ni vyema kurudi ukiwa na maswali yaliyoandikwa, ikiwezekana pamoja na jamaa wa kukusaidia kukumbuka majibu.

Swali la kwanza ni hili: kwa nini mimi? Udhaifu wa mifupa unaweza kuletwa na uzee na kukoma kwa hedhi tu, lakini wakati mwingine kuna ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, maradhi ya figo, matumbo yasiyofyonza chakula sawasawa na hata saratani ya uboho wa mifupa vinaweza kuumomonyoa mfupa. Kwa hivyo daktari huagiza damu ipimwe kiwango cha kalsiamu, vitamini D, utendaji wa figo na mengineyo kabla ya kuanza dawa.

Swali la pili: je, dawa ninazotumia zinachangia? Vidonge vya prednisolone, ambavyo hutumiwa na wagonjwa wa pumu, baridi yabisi na maradhi ya ngozi, ni miongoni mwa visababishi vikubwa vinapotumiwa kwa miezi mitatu au zaidi. Baadhi ya dawa za kifafa huvuruga vitamini D mwilini. Tenofovir, iliyomo katika vidonge vya ARV vinavyotumiwa na Wakenya wengi, hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi kidogo. Sindano ya kupanga uzazi ya kila baada ya miezi mitatu nayo hupunguza uzito huo wakati inapotumika, ingawa sehemu kubwa hurudi inapoachwa.

Msomaji asielewe vibaya hapa. Kuacha ARV, dawa ya kifafa au prednisolone kwa uamuzi wako mwenyewe ni hatari kuliko udhaifu wa mifupa. Kazi yako ni kumjulisha daktari, naye ataamua ikiwa kuna dawa mbadala au kipimo cha chini zaidi.

Swali la tatu: je, tayari nina pingili iliyovunjika? Takriban thuluthi mbili ya mivunjiko ya pingili za uti wa mgongo hutokea bila mtu kutambua, au hudhaniwa kuwa maumivu ya kawaida ya mgongo. Ikiwa umepungua kimo kwa sentimita nne au zaidi tangu ujana wako, ikiwa nguo zako sasa zaonekana ndefu kwa mbele na mgongo umeanza kupinda, omba upigwe picha ya eksirei. Jambo hili lina uzito kwa sababu aliyekwisha kuvunjika mfupa mmoja huwa na hatari inayokaribia mara mbili ya kuvunjika mwingine.

Dawa na namna ya kuzimeza

Dawa zinazotangulia kutumiwa na wagonjwa wengi ni za jamii ya bisfosfoneti, ambazo hupunguza kasi ya seli zinazobomoa mfupa. Maarufu kati yake ni alendronate, ambayo imekuwa ikitumika tangu mwaka wa 1995 na sasa hupatikana kwa majina mengi ya bei nafuu. Kwa kawaida humezwa kidonge kimoja cha miligramu 70 mara moja kwa wiki.

Dawa hii ina masharti yake, na asiyeyafuata hupoteza pesa zake bure. Humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu. Chai, kahawa, maziwa au maji ya matunda huizuia kuingia mwilini. Baada ya kumeza, mgonjwa asile wala asimeze dawa nyingine kwa nusu saa, na asilale katika muda huo bali aketi wima, asimame au atembee. Kidonge kikikwama kwenye umio huweza kuuchoma. Kwa hivyo mtu mwenye matatizo ya kumeza, asiyeweza kuketi wima au mwenye figo dhaifu anapaswa kumwambia daktari kabla ya kuanza. Njia nyepesi ya kukumbuka ni kuchagua siku moja, mathalani kila Jumapili, na kuitia alama kwenye kalenda.

Kwa wasioweza vidonge, ipo zoledronic acid, ambayo hutiwa mshipani mara moja kwa mwaka. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2007, wanawake waliopewa dawa hiyo kwa miaka mitatu walipata upungufu wa asilimia 70 wa mivunjiko ya pingili na asilimia 41 wa mivunjiko ya nyonga, wakilinganishwa na ambao hawakupewa. Baada ya dozi ya kwanza baadhi huhisi homa na uchovu kama wa mafua kwa siku mbili tatu, kisha huisha.

Ipo pia denosumab, sindano ya chini ya ngozi inayodungwa kila baada ya miezi sita, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2010. Kuhusu sindano hii kuna onyo moja lisilopaswa kusahaulika: usiichelewe wala usiiache ghafla. Nguvu zake zikiisha, seli zinazobomoa mfupa hurejea kwa kishindo, na wagonjwa wengine wamevunjika pingili kadhaa kwa mkupuo. Ikiwa gharama itakushinda, mwambie daktari mapema ili akuhamishie kwenye dawa nyingine badala ya kukaa kimya. Kwa walio katika hatari kubwa mno zipo dawa za kuujenga mfupa upya, kama vile teriparatide, lakini bei yake iko juu sana.

Madhara mawili ya bisfosfoneti na denosumab yamewatia watu hofu: kufa kwa sehemu ya mfupa wa taya na kuvunjika kwa paja kwa namna isiyo ya kawaida. Yote mawili yapo, lakini ni nadra sana kwa watu wanaotibiwa udhaifu wa mifupa, na faida kwa mtu aliye katika hatari huyazidi kwa mbali. Cha kufanya ni kumwona daktari wa meno kabla ya kuanza, hasa kama una jino la kung'olewa, na kutoa habari ukihisi maumivu mapya ya paja au kinena yasiyokwisha.

Baada ya miaka mitano ya vidonge, au mitatu ya dawa ya mshipani, daktari hutathmini upya ikiwa mgonjwa anaweza kupumzika. Pumziko hilo halihusu denosumab. Kipimo cha DXA nacho hurudiwa baada ya mwaka mmoja hadi miwili, ikiwezekana kwenye mashine ileile. Alama isipopanda, usivunjike moyo: kutoshuka zaidi ni ushindi, maana lengo la dawa ni kuzuia mivunjiko, si kupamba karatasi.

Kuhusu gharama, uliza mapema ni kipi kati ya vipimo na dawa kinacholipiwa na bima yako, iwe ya kibinafsi au ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Uliza pia kama kuna dawa ya jina lingine iliyo na viambato vilevile kwa bei ya chini.

Chakula cha kujenga mfupa

Dawa pasipo chakula ni kama fundi asiye na udongo. Mwanamke aliyezidi umri wa miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Mwanamume anahitaji miligramu 1,000 mpaka afikishe miaka 70, kisha 1,200.

Kiasi hicho chaweza kupatikana jikoni. Glasi moja ya maziwa ina takriban miligramu 300, na maziwa ya mala hayana tofauti kubwa. Omena, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake, ni hazina ya kalsiamu isiyohitaji duka la dawa. Uji au ugali wa wimbi huyashinda mahindi kwa mbali katika madini haya. Sukuma wiki na majani ya kunde pia yana mchango. Mchicha na spinachi ni mboga nzuri, lakini zina asidi inayoishika kalsiamu na kuizuia kuingia mwilini, kwa hivyo zisitegemewe peke yake.

Wale ambao chakula hakiwatoshelezi huandikiwa vidonge vya kalsiamu. Wasivimeze kwa pamoja na alendronate, na wasizidishe miligramu 500 au 600 kwa wakati mmoja, maana mwili hauwezi kufyonza zaidi ya hapo vizuri. Kula vidonge vingi si kupona haraka. Ziada huweza kuleta mawe kwenye figo.

Vitamini D ndiyo inayoifungulia kalsiamu mlango wa kuingia mwilini, na mwili huitengeneza ngozi inapopigwa na jua. Mtu angedhani kwamba nchini mwetu hakuna anayeikosa. Hata hivyo, ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, na mzee anayeshinda ndani, au mtu anayejifunika mwili mzima kila atokapo, anaweza kupungukiwa. Kuketi uani asubuhi mikono na miguu ikiwa wazi husaidia, na pale daktari anapoona haja huongeza vidonge.

Misuli nayo haijengwi kwa ugali na mboga pekee. Wazee wengi hula kidogo sana maharagwe, ndengu, mayai, samaki au nyama. Fauka ya hayo, chumvi nyingi huitoa kalsiamu mwilini kupitia mkojo, nazo sigara na pombe ya kila siku huudhoofisha mfupa.

Kutembea na kufanya kazi

Mfupa hujengwa na mzigo unaoubeba. Mtu anayelala kitandani kwa wiki kadhaa hupoteza uzito wa mifupa hata kama ni kijana. Kwa hivyo mgonjwa asiyekuwa na mvunjiko mpya anahimizwa atembee kwa kasi dakika 30 karibu kila siku, apande ngazi, acheze ngoma harusini. Aongeze mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki: kuinuka kitini mara 10 bila kujisukuma kwa mikono, au kunyanyua chupa za maji. Na kwa ajili ya uthabiti, asimame kwa mguu mmoja huku ameshika meza, sekunde chache kila upande.

Kuna mienendo ya kuepukwa, hasa kwa aliyekwisha kuvunjika pingili. Mbaya kuliko yote ni kuinama mbele kwa kuukunja mgongo huku umebeba au unavuta kitu kizito. Kupalilia kwa jembe fupi siku nzima, kubeba mtungi wa maji wa lita 20 au mzigo wa kuni mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani, na kumfunga mjukuu mzito mgongoni ni kazi zinazozibana pingili. Haina maana kwamba shamba liachwe. Tumia jembe la mpini mrefu, gawa maji katika vibuyu vidogo viwili vinavyobebwa kila mkono, na unapookota kitu chini kunja magoti na nyonga, si mgongo. Muumini wa Kiislamu ambaye kusujudu kunamuumiza ana ruhusa ya dini yake kuswali akiwa ameketi.

Safarini, kiti cha nyuma kabisa cha matatu hutikiswa zaidi gari linaporuka tuta, nayo bodaboda katika barabara mbovu haimfai mtu mwenye mgongo dhaifu.

Ajali hii ina kinga

Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini anguko la nyumbani lina kinga nyingi, na nyingine hazigharimu hata shilingi moja.

Anza na njia ya kutoka kitandani hadi chooni, kwa sababu ndiyo inayopitwa gizani. Weka tochi au simu yenye taa kando ya mto. Ondoa vizulia vinavyoteleza, nyaya za umeme zilizotandazwa sakafuni na stuli zilizoachwa njiani. Kwenye bafu lenye sakafu laini, tandika mkeka wa mpira usioteleza na ufunge chuma cha kushikilia ukutani. Pale ambapo choo ni cha shimo na kiko uani, funga mti imara wa kushika wakati wa kuchuchumaa na kuinuka, na msimu wa mvua utandaze kokoto kwenye kijia chenye utelezi.

Ndara zilizolegea na kuisha soli zitupwe. Vaa viatu vinavyoshika kisigino. Macho yapimwe, kwani mtoto wa jicho huwaangusha wazee wengi. Dawa za usingizi na baadhi ya zile za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Uliza kama kipimo chake kinafaa. Na ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja kabla ya kusimama.

Mkongojo si aibu. Wengi huukataa kwa kuwa unawatangaza kuwa wazee, kisha wakaishia katika kiti cha magurudumu. Mivunjiko ya nyonga ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa maana karibu mtu 1 kati ya 5 wanaoipata hufariki katika muda wa mwaka mmoja, na wengi wa wanaobaki hawarejei kutembea kama zamani.

Nafasi ya jamaa

Upendo wa watoto unaweza kuwa dawa au pingu. Anayemnyang'anya mama kazi zote humpokonya pia mazoezi, heshima yake na sababu ya kuamka asubuhi. Jambo la busara ni kukaa pamoja na kugawana: yeye ataendelea kupika, kwenda sokoni, kulisha kuku na kutembelea jirani, kubeba maji, kuni na magunia kuwe kwa vijana.

Mabinti nao wanapaswa kujiangalia, kwa sababu ugonjwa huu hufuata ukoo. Mtoto anayekunywa maziwa na kucheza juani leo anaweka akiba ya mifupa atakayoitumia akiwa na miaka 70.

Ikiwa hofu ya kuanguka inamfanya mgonjwa asitoke nyumbani, asilale usiku au apoteze hamu ya chakula, hayo nayo yaelezwe kwa daktari. Hofu inatibika, na mara nyingi mafunzo ya wiki chache kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hurudisha ujasiri kuliko maneno ya faraja.

Dalili za kukimbilia hospitali

Nenda hospitalini mara moja ukipata maumivu makali ya ghafla ya mgongo baada ya kuinua kitu, kukohoa au hata pasipo sababu; ukianguka ukashindwa kusimama, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje; na iwapo maumivu ya mgongo yanaambatana na ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo. Usikubali kukandwa au kunyooshwa mgongo na mkandaji yeyote kabla ya kupigwa picha. Pingili iliyobonyea ikikandamizwa huweza kuumiza uti wenyewe.

Kwa aliyepokea habari hii wiki hii, hatua za kwanza si nyingi: rudi kwa daktari na maswali yako, fahamu sababu ya ugonjwa wako, meza dawa kwa masharti yake na usiiache kwa kuwa hujisikii mgonjwa. Kisha jioni hii, kabla giza halijaingia, pita njia ya kutoka kitandani hadi chooni na uondoe chochote kinachoweza kukuangusha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mfupa ni vigumu sana kuujenga upya.